Bahati ya mtazama ndege ina wenyewe

Watazamaji wa ndege tuna ugonjwa mmoja: kila kitu kwetu ni bahati. Asubuhi umemtaja tai fulani, jioni huyo katua mtini, basi kisa kitasimuliwa mwaka mzima. Wale tuliowataja wasitokee, nao ndio wengi, hawana msimulizi. Visa hivi navipenda, lakini vingi vinamsahau mtu aliyeifanya bahati yenyewe iwezekane.

Chukua Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya. Humo yumo bundi mdogo wa sentimita 16 hivi, ambaye wanasayansi walimjua miaka ya 1960 tu. Mchana husinzia kichakani, na rangi yake huwezi kuitenga na majani makavu. Mgeni hushuka garini, humfuata mwongozaji, na baada ya muda huonyeshwa bundi wawili wamebanana kwenye tawi. Akirudi hotelini: "Leo tumebahatika!" Kumbe mwenyeji alishavipekua vichaka hivyo, anajua jozi hiyo hupenda kulala wapi.

Hoteli ya Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, ni vilevile. Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda, ndege wahamiaji kutoka kaskazini hupotea njia na kumiminika kwenye taa za hoteli. Mgeni wa usiku mmoja atadhani ameona muujiza. Lakini tangu 1969 kuna watu wanaokwenda huko kuwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete miguuni na kuwaachia, na hao hutazama kwanza mwezi utaandama lini, ndipo wafunge mizigo.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Milima ya Udzungwa, Tanzania, 1991. Watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini msituni. Wamekwisha kula, wanachungulia sufuria, wanaona miguu miwili ya ndege wasiyemfahamu. Baadaye walimwona mzima mzima, akitembea. Mwaka 1994 akatambulishwa rasmi kwa jina Xenoperdix udzungwensis: kwale mpya kabisa kwa sayansi, hata jenasi yake (kundi la spishi za ukoo wa karibu) mpya, na ndugu zake wa karibu hawako Afrika, wako kwenye misitu ya Asia!

Kisa hiki husimuliwa kama sadfa ya ajabu. Sawa, lakini sadfa kwa nani? Kwa aliyemtia sufuriani kilikuwa kitoweo, na sidhani kama alishangaa. Laiti angeulizwa mapema, "Kwale wa huku wakoje?", pengine jibu lingepatikana kabla ya moto kuwashwa. Ndiyo maana nikifika msitu mgeni naanza na wapishi na wachuma kuni, darubini baadaye.

Ila jambo moja nawaachia wapenda bahati: sufuria ile ilikuwa haijaoshwa.