Vigae vya kale makanisani: vikanyagwe au vizungushiwe kamba?

Katika Chapter House ya Abasia ya Westminster, London, ukumbi wa pembe nane ambamo watawa walikuwa wakikutania, kuna sakafu ya vigae iliyotandazwa miaka ya 1250, enzi za Mfalme Henry wa Tatu. Ina nembo za kifalme, ina maua, ina hata samaki. Imedumu kwa sababu kuanzia karne ya 16 hadi ya 19 ukumbi ulikuwa ghala la nyaraka za serikali, na vigae vilikuwa vimefunikwa kwa mbao.

Wanaotaka vigae vya namna hii vizungushiwe kamba wana hoja nzito, nayo imo ndani ya kigae chenyewe. Fundi aligandamiza muhuri wa mbao kwenye udongo mwekundu ungali mbichi, akajaza alama yake kwa udongo mweupe, akapaka dawa ya kung'arisha ya madini ya risasi, akakichoma tanurini. Ule udongo mweupe una kina cha milimita chache tu. Mchanga wa viatu hula mng'ao kwanza, kisha mchoro, hadi kibaki kipande chekundu kisichosema kitu.

Basi ving'olewe vipelekwe makumbusho? Abasia ya Chertsey ilibomolewa baada ya Henry wa Nane kuzifunga nyumba za watawa. Vigae vyake, vikiwemo vinavyomwonyesha Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza akipambana na Saladin, sultani aliyekabiliana naye katika Vita vya Msalaba, leo vimo British Museum, na ninashukuru vimo. Lakini ni vipande vilivyookotwa kwenye magofu. Pale ambapo sakafu ingali nzima, kung'oa ni kuharibu: kigae kilichorwa kiungane na jirani yake, na vyote vimwongoze mtu kuelekea altareni.

Mimi nasema vibaki mahali pake, mradi mwenye navyo akubali gharama. Abasia ya Cleeve, Somerset, ina sakafu ya karne ya 13 ya chumba cha kulia ambacho kuta zake zilishatoweka. Huko maji hupenya kwenye udongo, yakaganda wakati wa baridi, yakaubandua uso wa kigae. Mwaka 2016 English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale ya Uingereza, iliijengea banda la kudumu. Kazi ya namna hiyo inastahili kila senti.

Kanisa linalosaliwa ni gumu zaidi. Katika Kanisa Kuu la Winchester, mahujaji waliokwenda kwenye masalia ya Mtakatifu Swithun, askofu wa kale wa hapo, walipita juu ya vigae vilivyo nyuma ya altare kuu. Ukiwazuia waumini wote, umehifadhi udongo na kuua kazi yake. Wala zulia la kudumu si jibu, maana hufungia unyevu na kuficha mchanga unaosaga chini kwa chini. Afadhali mikeka mipana mlangoni, njia ya watalii ihamishiwe kwenye mawe, na vile vigae vichache vyenye mchoro mzima vikanyagwe siku za ibada tu.