Haki ya kukataa kushuka mtaroni, na nani anayeweza kuitumia

Mtaro una kina cha mita mbili na nusu. Kuta zake zimekatwa wima, hazina mbao wala vyuma vya kuzizuia, na udongo uliochimbuliwa umerundikwa ukingoni kabisa. Usiku mvua imenyesha. Saidia fundi anaambiwa ashuke akasawazishe chini kabla bomba halijalazwa. Anauona ufa mwembamba ardhini, umekwenda sambamba na ukingo, hatua moja kutoka aliposimama. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu, au hata kupita hapo. Ukimfukia mtu hadi kifuani tu, mbavu hazitanuki tena, na anaweza kukosa pumzi huku kichwa chake kikiwa nje.

Kwa viwango vya kimataifa anayo haki ya kukataa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu za kutosha kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa iliyo karibu. Mkataba Na. 167 wa mwaka 1988, ulioandikwa kwa ajili ya ujenzi, unarudia haki hiyo na kumtaka mwajiri asimamishe kazi na kuwaondoa watu panapohitajika. Mwaka 2022 ILO iliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika kanuni na haki zake za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijaridhia mikataba yenyewe.

Wanaoitetea haki hii kama kinga kuu ya mjenzi wana hoja nzito. Mkaguzi wa serikali hawezi kuwa kwenye kila saiti kila asubuhi. Mhandisi huenda yuko ofisini na michoro yake. Ufa ule anauona aliyesimama ukingoni, na anauona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kumnyima sauti yeye ni kuzima king'ora kilicho karibu zaidi na hatari.

Wakandarasi nao hawasemi upuuzi. Kazi ya ujenzi hufuatana: kundi moja likisimama, la nyuma yake linasimama pia, na lori la zege lililokwisha kufika halina muda wa kungoja mabishano. Mkataba wao wa ujenzi na mteja una adhabu ya kuchelewa. Wanauliza: nani aamue kwamba hofu ya mtu mmoja ni hatari ya kweli? Hapo nadhani sheria imejibu vizuri. Mfanyakazi hadaiwi uthibitisho, anadaiwa sababu za kutosha na kumpa taarifa msimamizi wake mara moja. Anayengoja uthibitisho wa mtaro unaoporomoka atauthibitisha akiwa ndani.

Lawama yao ya pili ni kwamba wafanyakazi wenyewe ni wazembe. Wanapewa mikanda ya usalama, wanaivaa, halafu hawaifungi. Ni kweli, na nimeiona kwa macho yangu: fundi yuko juu ya boriti, mkanda umemkaa vizuri mwilini, ndoano inaning'inia nyuma yake kama mkia. Lakini nilipotazama juu yake sikuona kamba wala chuma cha kuifungia. Pengine kulikuwa na sehemu moja tu mwanzoni mwa boriti, na kila akisogea ingembidi arudi kuifungua, huku analipwa kwa kipande. Huo uzembe ulianzia kwa aliyenunua mikanda bila kupanga itafungwa wapi.

Kasoro ninayoiona katika haki ya kukataa ni ya namna nyingine kabisa. Inamtegemea mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote pale. Saidia fundi wetu ni kibarua. Ameajiriwa na mkandarasi mdogo, aliyepewa kazi na mkandarasi mwingine, aliyeipata kwa mkandarasi mkuu. Akikataa hafukuzwi, kwa sababu hana ajira ya kufukuzwa. Kesho haitwi, basi. Mkataba Na. 167 unamtaka mkandarasi mkuu aratibu usalama pale waajiri kadhaa wanapofanya kazi saiti moja, na unasema vifaa vya kujikinga vitolewe bila mfanyakazi kulipia. Ni maneno mazuri. Kwenye mnyororo wa mikono mitatu, kila mkono huutazama uliotangulia.

Ndiyo maana naona kinga bora ni ile isiyomdai mfanyakazi ujasiri. Daraja la Golden Gate lilipojengwa San Francisco miaka ya 1930, wavu ulitandazwa chini ya kazi yote. Watu 19 walianguka wakadakwa nao, na hakuna kati yao aliyehitaji kubishana na msimamizi ili aokoke. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito liling'oka, likauchana wavu huo huo, na watu 10 wakafa. Kifaa nacho kina mpaka wake: wavu ulifumwa kudaka watu, na siku ile ulibebeshwa jukwaa zima.

Jimbo la New York lilikwenda mbali zaidi kwa upande wa sheria. Sheria yake ya majukwaa, yenye asili ya mwaka 1885, humtwisha mwenye jengo na mkandarasi dhamana ya ajali za kuanguka au kuangukiwa pale kinga inayostahili ilipokosekana, na kwa kawaida kosa la mfanyakazi halipunguzi fidia. Wenye majengo wanalalamika kwamba bima imekuwa ghali mno na kwamba si haki kulipia kosa la mtu aliyepuuza maelekezo. Malalamiko ya gharama nayaelewa. Hata hivyo sheria hiyo imeweka mzigo kwa mwenye uwezo wa kununua jukwaa imara kabla mtu hajapanda, na sioni nani mwingine angeubeba.

Uingereza ilianzia hatua ya mapema zaidi ya ujenzi, kwenye michoro: tangu kanuni za mwaka 1994, mteja na msanifu nao wana wajibu wa usalama. Paa linaloweza kuunganishwa chini na kunyanyuliwa zima hupunguza saa za watu kukaa juu, na uamuzi huo ni wa msanifu. Viwanja vya Olimpiki ya London 2012 vilijengwa bila mfanyakazi kufa kwa ajali ya ujenzi. Ulikuwa mradi mkubwa wenye fedha nyingi, na mkandarasi mdogo ana haki ya kusema hali yake ni tofauti.

Hoja yake hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Akiingiza kwenye zabuni gharama ya mbao za mtaro, mwenzake asiyeziingiza anaonekana nafuu na anapewa kazi. Kumkaripia hakutoshi. Gharama za usalama zitengwe kwenye fungu lake ndani ya zabuni, kila mshindani akute kiasi kile kile, kisiguswe katika kupunguziana bei, na mteja alipie kilichowekwa kweli saitini. Na mkataba utamke kwamba saa ambazo watu wamekaa juu ya ukingo wakingoja mbao ziwekwe ni saa za kazi, kibarua naye akilipwa.