Tafsiri ibaki darasani, ila tuifanye kwa mdomo

Wanafunzi wengi wa Kijerumani vyuoni kwetu wangependa kipindi cha kutafsiri Kijerumani kwenda Kiingereza kifutwe, muda wote uende kwenye mazungumzo. Nawaelewa. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin, na mwenye hamu ya kwenda kufanya kazi huko anauwazia mtihani. Mtihani wa Kijerumani wa Taasisi ya Goethe, wa ngazi ya kati iitwayo B1, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Tafsiri haimo. Tena kuna DeepL, programu ya kutafsiri iliyoanzia Köln mwaka 2017, inayomaliza ukurasa kabla hujafungua kamusi.

Hata hivyo napinga, na kwa nguvu.

Chukua sentensi ya gazetini: Der Minister sagte, er sei krank. Msomaji wa haraka ataelewa kwamba waziri alisema anaumwa, kisha atasonga mbele. Anayetafsiri hawezi kuliruka hilo sei. Mbona si ist, umbo la kawaida? Kwa umbo hilo la kitenzi mwandishi anatujulisha kuwa maneno ni ya waziri, yeye hayadhamini. Kijerumani kinaweza kwenda hivyo aya nzima bila kurudia “alisema”. Kiingereza hakina umbo la kufanya kazi hiyo, kwa hiyo mtafsiri hana budi kukumbusha kila baada ya sentensi chache kwamba msemaji bado ni waziri. Akisahau, madai ya mwanasiasa yanasomeka kama habari iliyothibitishwa. Gumzo la kantini halitakufundisha hili, kwa sababu Wajerumani wenyewe wakiongea mara nyingi husema er ist krank, basi.

Wanaolalamika wana haki kuhusu namna kipindi kinavyoendeshwa. Karatasi zinagawiwa, kila mtu anainamia kamusi yake, saa inakwisha hakuna aliyetamka neno. Ndiyo maana mtu anaweza kutafsiri hotuba ya Bundestag, bunge la Ujerumani, lakini kwenye chumba cha mtihani, yeye na mtahiniwa mwenzake wakipewa jambo la kupanga pamoja, anakwama. Hajazoea doch, mal na halt, vineno vinavyolainisha au kukoleza kauli na ambavyo taarifa za gazeti hazivitumii sana. Halafu kuna kitenzi kinachongoja mwisho wa sentensi. Kwenye karatasi jicho hukirukia likarudi; ukiongea, lazima ukibebe kichwani hadi ufike.

Mimi ningetaka tafsiri ijadiliwe kwa Kijerumani. Wanafunzi wawili wapewe aya moja, kila mmoja atoe Kiingereza chake, kisha wabishane kwa Kijerumani kwa nini hili na si lile. Jibu la “linasikika vizuri” lisipokewe. Atakayeanza na weil, yaani “kwa sababu”, atalazimika kupeleka kitenzi mwisho, na hapo sarufi inafanyiwa mazoezi bila mtu kuitangaza. Matokeo ya DeepL nayo yaletwe mezani yakosolewe vivyo hivyo. Nusu ya alama za kozi itoke kwenye utetezi huo wa mdomo.

Anayesoma peke yake asikate tamaa. Deutsche Welle hutoa habari zinazosomwa polepole, pamoja na maandishi yake. Sikiliza sentensi moja, simamisha, itafsiri kwa sauti bila kuandika, ndipo utazame maandishi.