Kinga hii ni nzuri, ila haijamaliza kazi

Makala yenu kuhusu biti ya NX, kinga ya kumbukumbu ya kompyuta, imeeleza vizuri kwamba prosesa hukataa kuendesha msimbo uliopandikizwa kwenye eneo la data. Ila pale iliposema mashambulizi ya kufurisha bafa (kumwaga data kupita nafasi iliyotengwa kwenye kumbukumbu) sasa ni historia, hapana, hapo wasomaji wanapotoshwa.

Kumbukumbu hugawanywa katika vipande viitwavyo kurasa, nyingi za baiti 4,096, na kila ukurasa una ingizo lenye ruhusa zake kwenye orodha iitwayo jedwali la kurasa. Katika prosesa za AMD64, yaani za biti 64 za kampuni ya AMD, zilizoingia sokoni 2003, biti ya 63 ya ingizo hilo, ndiyo NX, ikiwekwa 1, amri haichukuliwi kutoka kwenye ukurasa huo. Ikijaribiwa, prosesa hugoma, mfumo endeshi hujulishwa, programu hufungwa. Kabla ya hapo, kwenye kompyuta nyingi za x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD), ukurasa uliosomeka ulikuwa pia unaendesheka, na mnyoo Blaster wa 2003, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulitumia mwanya huo huo. Windows XP ilipata kinga hii 2004, kupitia sasisho la Service Pack 2.

Wavamizi nao hawakulala. Kwa nini ulete msimbo wako wakati programu yenyewe imejaa msimbo halali? Mwaka 2007 mtafiti wa usalama wa kompyuta Hovav Shacham alionyesha jinsi vipande vidogo vya amri zilizomo tayari, kila kimoja kikiishia na amri ya kurudi, vinavyoweza kuunganishwa vikafanya kazi ya mvamizi. Biti ile haioni kosa lolote hapo. Kwa hiyo tafadhali, mhariri, ongezeni angalau aya moja kuhusu kupanga anwani za kumbukumbu kiholela, ili mvamizi asijue vipande hivyo viko wapi, maana kinga hizi mbili hutegemeana.