Kanzu ya Ijumaa na Tundu la Plagi

Mzee mmoja mteja wangu hapa Tanga alinipigia simu Ijumaa asubuhi: mashine ya kukatia majani imekufa, kamba haivutiki. Wanawe wawili walikuwa wameivuta mpaka mmoja akakaa chini.

Nikamkuta mzee yuko ndani ya kanzu nyeupe, na mashine imelazwa ubavu, kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa) chini, eti akwangue majani yaliyogandia kwenye kisu. Ugonjwa niliujua kabla sijashusha begi la spana.

Injini hizi hubeba oili kama nusu lita na ushei, chini ya pistoni. Ukizilaza kabureta ikiwa chini, oili hupita kwenye kipumulio, yaani njia ya injini ya kutolea hewa, ikalowesha chujio la hewa, nyingine ikapenya kwenye ringi za pistoni ikatuama juu ya pistoni. Oili haishindiliwi kama hewa: pistoni inagota, kamba inakwama. Anayeendelea kuivuta kwa hasira anaweza kupinda konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Heri yule kijana aliyekaa chini mapema. Kwa usafi wa kisu, chomoa kwanza waya wa plagi, ile inayotoa cheche, kisha inua mashine kabureta na chujio vikiwa juu.

Nikaisimamisha, nikafungua plagi. Hapo kamba huvutwa mara kadhaa, oili iruke tunduni.

"Babu, sogea pembeni."

"Mwanangu, mimi injini nimeziona wewe hujazaliwa." Akainama achungulie.

Nikamwomba tena asogee. Kijana wake, mwenye haraka zake, akaikamata kamba akaivuta. Kanzu ikapigwa mstari kutoka kola hadi kitovuni.

Chujio lilikuwa la sponji; nikalifua kwa sabuni, nikalikausha. Lingekuwa la karatasi lingetupwa, hilo halifuliki. Plagi nikaifuta, nikaiweka nafasi ya milimita 0.76 kati ya ncha zake, oili nikaongeza hadi alama ya kijiti cha kupimia, isizidi. Ikawaka, na moshi mweupe ukafunika uwanja. Hiyo ni oili iliyobaki kwenye sailensa, huisha yenyewe baada ya dakika chache. Jirani hakulijua hilo. Aliruka ua na ndoo ya maji.

"Usimwage!" nikapiga kelele.

Bibi akampokea ile ndoo, akalowekea kanzu.

Malipo tulipatana elfu ishirini. Mzee akahesabu kumi na tano, akafunga pochi. Elfu tano, alisema, ni ya dobi.