Ni baridi ya Uyole au ni kidonge?

Mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, nani hana mikono iliyopauka? Upepo unashuka mlimani, na ukipitisha ukucha mkononi unaacha mstari mweupe kama wa chaki ubaoni. Kwa hiyo mwaka jana nilipoanza kuwashwa mikono na mapaja sikushtuka. Nilifanya tunavyofanya wote huku: maji ya moto ya kunyonyolea kuku, sabuni ya mche, halafu usiku kujikuna mpaka mama watoto akauliza, "Baba, hiyo si upele kweli?" Akahamishia blanketi lake upande wa ukutani.

Sikukumbuka kwamba wiki tano nyuma nilikuwa nimeanza atovastatini, kidonge cha kushusha lehemu (kolesteroli), baada ya kipimo kuonyesha imepanda. (Mtu aliyekula kitimoto na ndizi kila Ijumaa kwa miaka ishirini asiseme amerogwa.) Siku ile kwenye dirisha la dawa dada mmoja alinipa pakiti na maneno mawili: "Kimoja, usiku." Basi. Nikasema asante, nikaondoka.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Sidai yule dada angenisomea karatasi yote ya ndani ya boksi, foleni nyuma yangu ilikuwa inafika mlangoni. Lakini sentensi moja ingetosha: "Ukiona ngozi inawasha au vipele, usiache dawa kimyakimya, rudi." Kwa sababu nilichofanya ndicho wanachofanya wengi. Nilikwenda duka la dawa pale mtaani, nikaonyesha mkono, nikapewa tyubu ya mchanganyiko ambayo ndani yake kuna dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi, vyote pamoja. Siku nne raha tupu. Ya tano nikaacha kupaka, ya saba moto ukarudi. Steroidi inatuliza kwelikweli, ndiyo hatari yake: inakufanya uamini umetibu, na ukiizoea inakondesha ngozi.

Kisha akaja jirani yangu, mtu mwema, lakini ana jibu la kila ugonjwa. "Mzee, hizo dawa zinamaliza ini. Achana nazo, tafuna kitunguu swaumu na limao." Nikaacha. Wiki tatu hivi muwasho ukapungua, nami nikawa nahubiri kijiweni kwamba vidonge vilikuwa vinaniua.

Binti yangu anasomea uuguzi. Alipokuja likizo akanikatisha katikati ya mahubiri. "Baba, wiki hizohizo si ndiyo uliacha maji ya moto? Si ndiyo ulianza kupaka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu?" Ndivyo ilivyokuwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza kwa simu. Sasa nani aliyeniponya, kuacha kidonge au mafuta ya kopo? Mpaka leo sijui.

Kidonge kina njia ya kufika kwenye ngozi, hilo si uzushi wa kijiweni. Tabaka la juu la ngozi ni kama ukuta: seli ni matofali, na udongo wa kuyashikanisha ni mafuta, lehemu ikiwa mojawapo. Statini, kundi la dawa ambamo atovastatini imo, hufunga kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu, na ngozi nayo hutengeneza ya kwake kwa njia ileile. Huenda ndiyo maana baadhi ya watumiaji hupata ukavu, muwasho, hata ukurutu. Wengine hutokwa vipele au mabaka yaliyovimba kama wamepita kwenye upupu. Wachache hubabuliwa na jua kuliko kawaida, na jua letu huku juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ni lile la baridi linalokuunguza huku umevaa sweta. Wengi lakini hawapati lolote kati ya haya.

Upande wa pili nao usikilizwe. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walichapisha utafiti wa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima, mwezi mmoja walimeza statini, mwingine kidonge kisicho na dawa bila kujua kipi ni kipi, mwingine hawakumeza kitu. Takribani asilimia 90 ya mateso waliyoyapata kwenye statini yalitokea pia kwenye kidonge kitupu. Sisemi walidanganya. Waliumwa kweli, ila kidonge kilisingiziwa. Mimi na kijiwe changu tungejaza chumba kimoja cha utafiti ule.

Niliporudi kwa daktari nilikuwa na kadaftari: tarehe ya kuanza, tarehe ya muwasho, nilichopaka, nilichomeza. Swali lake la kwanza halikuwa la ngozi. "Kuna mtu amekupa vidonge vya fangasi?" Kumbe baadhi yake, kama itrakonazoli, pamoja na antibiotiki kama erithromaisini na klarithromaisini, huzuia mwili kuvunja atovastatini na simvastatini. Dawa inajaa kwenye damu, misuli inaumia, na ikizidi hata figo zinaguswa. Fikiria mtiririko wenyewe: kidonge kinakuwasha, mtaani wanakwambia fangasi, wanakupa kidonge cha fangasi, na kile cha kwanza kinakuwa kikali zaidi. Mimi ilibaki tyubu tu, nikashukuru.

Hakunigombeza kwa kuacha. Aliniambia kwamba mtu aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo akiacha hivihivi anacheza na maisha, na kwamba statini ziko za aina kadhaa, moja ikikukataa nyingine huenda ikakukubali. Akanibadilishia. Akaongeza kwamba midomo au uso ukivimba, pumzi ikibana, ngozi ikitoka malengelenge na kuchubuka, au vidonda vikitokea mdomoni na machoni, hapo hakuna kusubiri kliniki, ni hospitali saa hiyohiyo. Dakika tatu hazikuisha. TMDA nao, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wenye ofisi ya kanda hapahapa Mbeya, hupokea taarifa za madhara ya dawa, lakini taarifa itatoka wapi kama mgonjwa anamalizana na tyubu na jirani?

Sasa ni mwezi wa tano, ninameza kidonge kipya na ngozi imetulia. Pakiti ya zamani ipo kabatini na vidonge tisa, mama watoto anataka niirudishe famasia wakaiteketeze. Nimemwambia atangulie kununua mafuta ya mgando, kopo kubwa, baridi haiko mbali. Tutaona mwezi wa saba blanketi litalala upande gani.