Eti Tuktuk Haili Mafuta

Anayesema tuktuk haili mafuta ni abiria. Hajawahi kusimama mbele ya pampu akatoa mia mbili, kijana akamuuliza kwa sauti mtaa mzima usikie, "Ya mia mbili tu, mzee?" Ya mia mbili tu, ndiyo! Haifiki hata lita moja na nusu. Naukung'uta mpira mpaka tone la mwisho, maana tone hilo nimelilipia. Na nyuma yangu trela la kwenda Malaba mpakani lapiga honi, lina haraka ya kushiba.

Trela hilo lina matenki mawili ubavuni, lita mia kadhaa kila moja. Langu ni lita 8. Likiwa na mzigo wa haki, kwa lita moja laenda kilomita mbili hivi, na kwenye mlima wa Mazeras hata hizo ni kwa dua. Dereva hana wasiwasi, mafuta ni ya tajiri. Mwenye wasiwasi ni tajiri, ndio maana siku hizi watu wafunga mitambo kwenye tenki ya kuwaambia mafuta yamepungua na lori limesimama. Yanakwendaje? Mimi sijasema kitu.

Nilidhani trela ndiye mlafi, mpaka tukakaa bustani ya Mama Ngina hapa Mombasa na mihogo yetu ya pilipili, meli ya makontena ikapita mbele yetu kuingia bandari ya Kilindini. Jamaa yangu wa bandarini akasema meli kubwa kama zile, ikikimbia, yaweza kuchoma tani 100 kwa siku. Tani, yakhe! Tena mafuta mazito meusi, hayatiririki mpaka yapashwe moto.

Nikasema basi, nimepata wa kumlaumu. Jamaa akatoa simu, akaanza kugawanya. Tuseme makontena 5,000: kila moja latumia kilo 20 kwa siku. Kwa siku meli yaenda kama kilomita 900. Kwa hiyo kilo moja ya mafuta yasukuma kontena zima kilomita 45. Mimi lita yangu yabeba watu watatu na kikapu cha samaki, kilomita 20 na kitu, nikipata foleni ya Kongowea tusizungumze. Mlafi ni mimi! Muhogo ulinikwama kooni.

Akaongeza kuwa manahodha hupunguza mwendo makusudi. Ukishusha kasi kwa asilimia 10, mafuta ya kila saa yashuka zaidi ya robo. Kesho yake nikajaribu daraja la Nyali. Mama mmoja akanigonga bega: "We kijana, watupeleka arusini au matangani?"

Kumbe wapo wanaolipwa kwa mwendo huo. Marekani, kule Florida, shirika lao la anga, NASA, wana magari mawili ya minyororo tangu 1965, kazi yao kubeba roketi mpaka inaporushiwa. Yanywa karibu lita 300 kwa kilomita moja. Yakiwa na mzigo hayafiki hata kilomita mbili kwa saa, mtu wa miguu ayaacha. Na hakuna abiria wa kumhimiza dereva akanyage kwa kuwa feri ya Likoni yaondoka. Wakitangaza nafasi mnambie. Leseni ninayo, mwendo huo nauweza, na mafuta si yangu.